JARIBIO SI LA WATOTO WA SHULE PEKE YAO



Mtoto wa shule akirudi nyumbani na daftari lake la sayansi, huja na maneno mageni. Utamsikia akikariri: swali, nadharia tete, vigeu, vipimo, matokeo, hitimisho. Wazazi wengi huyasikia maneno hayo na kuyaacha yapite. Husema, "Hayo ni ya shule. Sisi tuna kazi za shamba."

Mimi nasema sivyo. Maneno hayo yana kazi shambani, dukani na katika mkutano wa kijiji. Tena mtu mzima anayahitaji kuliko mtoto. Mtoto akikosea jaribio, hupoteza alama. Mtu mzima akikosea, hupoteza fedha za pembejeo na msimu mzima, na watu wa nyumbani kwake hulala njaa.

Wewe umekwisha kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi vifaa vikubwa vya jaribio tayari unavyo. Tuyatazame maneno haya moja moja, tuone yana faida gani.

UNGA WA DUKANI

Tuseme mwuza duka amekuletea unga wa kuchanganya na mbegu za mahindi. Anasema, "Unga huu unaongeza mavuno." Jirani yako aliununua mwaka huu. Mwaka jana alivuna magunia 8 katika ekari moja. Mwaka huu amevuna magunia 12. Kijiji kizima kinasema unga huo ni mzuri.

Je, ni kweli?

Usijibu upesi. Mwaka huu mvua ilikuwaje? Jirani alipalilia mara ngapi? Alipanda mapema au alichelewa? Je, alitumia mbegu ile ile ya mwaka jana? Huenda magunia 4 yaliyoongezeka yameletwa na unga. Huenda yameletwa na mvua. Huenda yameletwa na palizi. Kwa kutazama shamba lile peke yake, hakuna awezaye kujua, hata jirani mwenyewe.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mambo ya watu. Lakini kwa mambo ya mbegu, mbolea na dawa, lisemwalo lapaswa kupimwa kwanza.

MANENO YA KUANZIA: SWALI NA NADHARIA TETE

Kila jaribio huanza na swali. Swali zuri ni lile linaloweza kujibiwa kwa kupima. "Je, unga huu ni mzuri?" si swali zuri, maana neno "mzuri" halipimwi. "Je, mahindi yaliyopandwa kwa unga huu yatatoa kilo nyingi kuliko yasiyo na unga?" Hilo ni swali zuri. Mizani italijibu.

Baada ya swali huja nadharia tete. Neno hili huwatisha watu bure. Kitu tete ni kitu ambacho bado hakijawa imara. Nadharia tete ni wazo ambalo bado halijawa imara. Ni jibu unalolidhani kabla ya kujaribu. Unasema: "Nadhani mahindi yenye unga yatatoa kilo nyingi zaidi." Wazo hilo linaweza kuwa kweli na linaweza kuwa uongo. Mtu asione aibu likiwa uongo. Kazi ya jaribio ni kulipima wazo, si kulitetea.

VIGEU

Kigeu ni kitu kinachoweza kugeuka. Katika shamba vigeu ni vingi: mvua, udongo, mbegu, nafasi ya kupandia, siku ya kupanda, palizi, samadi, wadudu.

Katika jaribio tunavigawa vigeu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kile unachokibadilisha kwa makusudi. Hapa ni unga. Fungu la pili ni kile unachokipima mwishoni. Hapa ni kilo za mahindi. Fungu la tatu ni vyote vilivyobaki. Hivyo usiviache vigeuke ovyo. Mbegu iwe moja. Siku ya kupanda iwe moja. Nafasi iwe moja. Palizi iwe sawa.

Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha unga na mbegu kwa pamoja, halafu mavuno yakaongezeka, utamshukuru nani? Hutajua.

NENO LILILO KUBWA KULIKO YOTE: KULINGANISHA

Kama utasahau maneno mengine yote, usilisahau hili. Jaribio lazima liwe na sehemu ya kulinganishia. Ni sehemu ya shamba usiyoitia kile unachokijaribu, lakini unaitunza sawasawa na nyingine. Mvua ikinyesha, inanyeshea sehemu zote mbili. Jua likiwaka, linazichoma zote mbili. Basi zikitofautiana sana, unaweza kuanza kusema tofauti imeletwa na unga.

Jirani yetu hakuwa na sehemu ya kulinganishia. Alilinganisha mwaka huu na mwaka jana, na miaka haifanani.

Nguvu ya kulinganisha ilionekana wazi mwaka 1747 katika merikebu ya vita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury. Wakati huo mabaharia wengi walikuwa wakifa kwa kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoka damu, miguu ikakosa nguvu. Kila mtu alikuwa na dawa yake ya kusifu. Daktari wa merikebu hiyo, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana. Aliwaweka mahali pamoja na kuwapa chakula cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, wengine kinywaji cha matofaa. Wawili walipewa machungwa na malimau.

Baada ya siku 6 mmoja wa wale wawili wa machungwa na malimau aliweza kurudi kazini. Wale wengine hawakupata nafuu kama hiyo. Lind hakujua kwa nini matunda hayo yaliponya. Habari za vitamini C zilijulikana katika karne ya 20. Lakini kwa kulinganisha tu, alijua ni dawa ipi ifanyayo kazi. Hata hivyo serikali ya Uingereza ilichelewa. Amri ya kuwapa mabaharia maji ya malimau ilitoka mwaka 1795, karibu miaka 50 baadaye. Katika miaka hiyo mabaharia waliendelea kufa, na jibu lilikuwa limekwisha kupatikana.

Neno la tahadhari, ndugu msomaji. Sisi tujaribu mbegu na mbolea. Tusijaribu dawa kwa mtoto mgonjwa. Kazi hiyo ina wataalamu wake na sheria zake. Lakini mtu akikuuzia dawa sokoni, unayo haki ya kumwuliza: "Imelinganishwa na nini? Nani alipima?" Akikasirika, shika fedha zako, uende zahanati.

KUPIMA, KUANDIKA NA KURUDIA

Kutazama kwa jicho ni mwanzo mwema, lakini jicho hupenda kuona kile ambacho moyo unakitaka. Kama umetoa fedha kununua unga, jicho lako litayaona mahindi yenye unga kuwa ni manene. Mizani haina upendeleo. Basi pima. Kama huna mizani, tumia debe moja lile lile kwa sehemu zote, nalo lijazwe kwa namna moja.

Kisha andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Maarifa nayo ni mali. Andika siku uliyopanda, siku ya mvua ya kwanza, siku za palizi na kilo ulizopata. Habari hizo zilizopimwa na kuandikwa ndizo takwimu. Mtu asemaye, "Nakumbuka yalikuwa mengi," hana takwimu.

Kisha rudia. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Sehemu moja ya shamba yaweza kuwa na kichuguu cha zamani au mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe. Hapo mahindi yatastawi hata bila unga. Kwa hiyo usitenge mafungu mawili tu. Tenga mafungu 8, kila fungu hatua 10 kwa hatua 5. Yapange mawili mawili kwa jirani. Katika kila mawili, rusha sarafu iamue lipi lipate unga. Usichague mwenyewe, maana mkono nao una upendeleo wake. Fungu kumi na mbili hazihitajiki. Hayo 8 yanatosha kuanzia.

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kufundishia tu. Umevuna na kupima:

Jozi ya 1: lenye unga kilo 11, lisilo na unga kilo 10.
Jozi ya 2: lenye unga kilo 9, lisilo na unga kilo 10.
Jozi ya 3: lenye unga kilo 12, lisilo na unga kilo 11.
Jozi ya 4: lenye unga kilo 10, lisilo na unga kilo 11.

Ungefanya jozi ya 1 peke yake, ungekwenda dukani mbio kununua unga. Sasa jumlisha. Yenye unga yametoa kilo 42. Yasiyo na unga yametoa kilo 42. Unga haukuongeza kitu. Daftari na kalamu vimekuokolea fedha zako.

MATOKEO NA HITIMISHO

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Matokeo ni yale uliyoyapima: kilo 42 na kilo 42. Hayabishaniwi, labda kama mizani ni mbovu. Hitimisho ni maana unayoitoa katika matokeo, nalo laweza kubishaniwa.

Hitimisho lisiwe kubwa kuliko jaribio. Katika mfano wetu usiseme, "Unga huu haufai popote duniani." Sema, "Katika shamba langu, msimu huu, unga huu haukuongeza mavuno." Jirani mwenye udongo mwingine ajaribu kwake. Msimu ujao mrudie tena. Mkiwa kaya 10 zenye daftari, kijiji kina maarifa ambayo hakuna mwuza duka awezaye kuyapuuza.

KIJANA ALIYEULIZA

Wapo wanaosema kwamba mtu mdogo hawezi kumwuliza mtaalamu. Watu hawa wamsikilize Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakitia sukari, kisha wakiyaacha yapoe kabla ya kuyagandisha katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba hakungoja maziwa yake yapoe. Aliyaingiza yakiwa moto. Baadaye aliyakuta yameganda, na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa yalikuwa bado hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wenzake, akauliza swali lile lile. Osborne hakulikataa wala hakulikubali. Alisema atajaribu. Alirudi Dar es Salaam, likajaribiwa, na mwaka 1969 yeye na Mpemba waliandika makala pamoja. Leo duniani kote jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walirudia majaribio ya namna hiyo kwa uangalifu mwingi. Wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba hata kukisogeza kipimajoto sentimita 1 kwaweza kubadili matokeo. Mabishano yanaendelea. Je, hilo linamwondolea Mpemba heshima? Hata kidogo. Heshima yake ni kwamba aliona, akauliza, wala hakunyamazishwa na kicheko. Na njia ya kumpinga ni ile ile aliyoiomba yeye: kujaribu.

WALIOACHA JARIBIO DOGO

Wapo pia wanaosema, "Wakubwa hawakosei. Wao wana fedha na mitambo." Watu hawa waende Kongwa, mkoani Dodoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma wataalamu wachache kuitazama nchi yetu kwa wiki chache. Mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga ulianza. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta mengi. Hawakulima kwanza shamba dogo la kujaribia kwa misimu kadhaa ili kuona mvua na udongo vikoje.

Kongwa ni nchi ya Wagogo, na Wagogo wanaujua ukame. Mvua haikutosha. Udongo ulikuwa laini wakati wa mvua, na kiangazi ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Karanga zilishindwa kung'olewa. Mitambo iliharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Ekari chache za majaribio zingeyasema hayo yote kwa gharama ndogo. Hasara ile ilikuwa ya serikali tajiri. Sisi hatuna milioni 36 za kupoteza. Kwa hiyo mtu yeyote akija kijijini na mpango mkubwa, awe Mzungu au Mwafrika, mwulize katika mkutano: "Jaribio dogo lilifanyika wapi? Kwa misimu mingapi? Udongo wa huko unafanana na wetu? Takwimu ziko wapi?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Bwana shamba au bibi shamba mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa.

WANAOPINGA

Mwingine atasema, "Sina ardhi ya kuchezea." Hebu tupige hesabu. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70. Mafungu 8 ya hatua 10 kwa 5 hayafiki sehemu moja ya kumi ya ekari. Tena ardhi hiyo haipotei, maana mahindi yake utayala. Mwenye kuchezea ardhi ni yule anayetia kitu asichokijua katika ekari zote.

Mwingine atasema, "Wazee wetu walilima vizuri bila maneno haya." Ni kweli walilima vizuri. Nao walijaribu. Bibi aliyepewa mbegu ngeni aliipanda kwanza pembeni mwa shamba akaitazama. Hilo lilikuwa jaribio, ingawa hakuliita hivyo. Lakini alichokijua bibi alikitunza kichwani, na kikazikwa pamoja naye. Wewe una kalamu. Ulichokijua wewe wajukuu watakisoma.

Shule zetu nazo nina neno nazo. Mtoto anaweza kutaja hatua zote za jaribio bila kukosea, naye hajawahi kupanda hata mbegu mbili za maharage katika makopo mawili, moja juani na moja kivulini. Maneno yaliyokaririwa bila kazi ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Wazazi, mkiyajua maneno haya, mtaweza kumwuliza mtoto: "Leo mmejaribu nini? Mmelinganisha nini na nini?" Na mtaweza kumwuliza mwalimu pia.

LA KUFANYA

Rai yangu ni hii. Kila darasa la watu wazima liwe na mafungu yake 8 msimu huu. Chagueni swali moja tu linalowasumbua: samadi, nafasi ya kupandia, au mbegu. Mwenye mwandiko mzuri ashike daftari. Mvune pamoja, mpime pamoja, mjumlishe ubaoni, na matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji, yakiwa ya kufurahisha au ya kusikitisha.

Tulijifunza kusoma ili tusidanganywe na maandishi. Sasa tujifunze kujaribu ili tusidanganywe na maneno ya mdomo, wala na macho yetu wenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Nadharia tete: jibu unalolidhani kabla ya kujaribu.
Kigeu: kitu kinachoweza kugeuka katika jaribio.
Sehemu ya kulinganishia: sehemu isiyotiwa kile kinachojaribiwa, lakini inatunzwa sawasawa na nyingine.
Takwimu: habari zilizopimwa na kuandikwa.
Matokeo: yale uliyoyapima.
Hitimisho: maana unayoitoa katika matokeo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini magunia 12 ya jirani hayatoshi kuonyesha kwamba unga ni mzuri?
2. James Lind alifanya nini ili wagonjwa wake waweze kulinganishwa?
3. Kwa nini turushe sarafu badala ya kuchagua mafungu wenyewe?
4. Taja kitu kimoja kinachosifiwa sana kijijini kwenu. Mngekijaribu vipi?
5. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba mtu mzima anayahitaji maneno haya kuliko mtoto? Toa sababu zako.